Nondo wadogo wanaoruka mchana kwenye maua ya bustani, Mwanza: ni akina nani, na nawaangaliaje?

LucheleleKijani

Wakuu, habari za leo. Tangu mvua za vuli zianze, maua ya mrehani, kivumbasi na kishonanguo huku Luchelele yamejaa wadudu wadogo wanaoruka mchana kweupe. Nyuki siyo, na vipepeo ninaowajua siyo. Watatu wanajirudia kila siku:

– Wa kwanza ni kahawia iliyokolea, ana mkanda mweupe uliokatiza mbawa zote, upana kama sm 2. Ukipita karibu anaruka hatua mbili tatu, kisha anajichimbia chini ya jani.
– Wa pili ni mdogo zaidi, manjano iliyoingia rangi ya chungwa, na mistari ya waridi. Huyu habanduki kwenye mrehani.
– Wa tatu ni mweusi, mbawa zina madoa ya kioo, tumbo lina mikanda ya njano. Ukimtazama haraka utasema nyigu, ila anaruka polepole mno.

Nikitafuta mtandaoni napata makala za Ulaya tu, zinaniambia nisubiri Aprili na Mei maua yakichipua. Huku kwetu nisubiri nini? Nina simu ya kawaida na darubini ndogo ya kuangalia ndege. Nataka kujua saa nzuri ya kuwaangalia, kama kuna haja ya kuwakamata, na niandike nini ili kumbukumbu ziwe na maana kwa mtu mwingine.

---

Mbawa_na_Magamba

Mkuu, umewaeleza vizuri, kazi imekuwa rahisi. Wote watatu ni nondo.

Wa kwanza ni *Spoladea recurvalis*, nondo wa mchicha. Mthibitishe akiwa ametua: hulaza mbawa bapa kama pembetatu, na mkanda wa bawa la mbele unakutana na wa bawa la nyuma, ukitazama kutoka juu unaona kama V nyeupe. Karibu na ncha ya bawa la mbele kuna kipande kingine kifupi cheupe. Hiyo tabia ya kuruka kidogo na kuingia chini ya jani ni ya jamii yake nzima (Crambidae), kwa hiyo usimpe nondo jina kwa kuruka kwake tu.

Wa pili, kwa maelezo yako na kwa kung'ang'ania mrehani, yuko kwenye jenasi *Pyrausta*, na wa kwanza kumfikiria ni *Pyrausta phoenicealis*. Viwavi wake hula mimea ya jamii ya mrehani, ndiyo maana habanduki. Hizo makala za Ulaya ulizosoma bila shaka zilimtaja ndugu yake, *Pyrausta aurata*, anayekaa kwenye mnanaa na kuruka kuanzia majira ya kuchipua. Wanafanana sana, na hapo ndipo watu wengi wanapobandika jina la Ulaya kwa nondo wa Mwanza.

Wa tatu ni *Amata*, jenasi yenye spishi nyingi Afrika. Kumtenga na nyigu angalia mambo matatu kwa utaratibu huu: kiuno (nyigu amebanwa katikati, *Amata* hakubanwa), mbawa za nyuma (za *Amata* ni ndogo mno, kama zimesahauliwa), halafu vipapasio, ambavyo kwa *Amata* ni vyembamba kama uzi na mara nyingi vina ncha nyeupe. Uvivu wake una sababu. Rangi zile zinawaambia ndege kwamba haliki, kwa hiyo hana haja ya kukimbia. Ndiye rahisi kuliko wote kumpiga picha, lakini kutaja spishi yake kwa picha peke yake ni kubahatisha. Ishia kwenye jenasi.

Wengine watakaokuja kwenye bustani hiyo hiyo:

*Utetheisa pulchella* ana mbawa za mbele nyeupe-krimu zenye madoa mekundu na meusi, na akiruka unaona weupe wa mbawa za nyuma wenye ukingo mweusi. Kama jirani amepanda marejea (*Crotalaria*) utampata hapo, maana viwavi wake hula mimea ya jenasi hiyo pamoja na *Heliotropium*. Sumu ya mmea inabaki mwilini mwake mpaka anapokuwa nondo kamili.

Kwenye lantana tafuta kitu kinachofanana na herufi T kimetua juu ya ua, mbawa zimekunjwa nyembamba kama vijiti. Hao ni nondo wa jamii ya Pterophoridae. Kiwavi wa *Lantanophaga pusillidactyla* anakula maua ya lantana yenyewe.

Jioni kwenye maua yenye shingo ndefu utaona kinachoelea hewani mbele ya ua bila kutua. Watu husema ni kinda la chozi, yule ndege mdogo anayenywa maji matamu ya maua. Chozi ana mdomo mgumu na miguu ya kushikilia, naye hupenda kutua kwenye kijiti akinywa. Anayeelea muda wote, mrija wake umejikunja na kujikunjua, ni nondo *Macroglossum trochilus*. Mwenye mbawa za kioo kabisa na mwili wa kijani-njano ni *Cephonodes hylas*; hutoka kwenye pupa akiwa na magamba mbawani, yakapukutika mara anaporuka. Kama una gadenia au mbuni karibu, viwavi wake watakuwa hapo.

Kuhusu msimu: usihesabu miezi ya Ulaya. Hesabu mvua. Mvua za kwanza za vuli huotesha majani, viwavi hula, na wiki tatu nne baadaye nondo wanajaa kwenye maua. Masika huwa hivyo hivyo. Wakati wa kiangazi cha Juni hadi Agosti watapungua sana, isipokuwa kwenye bustani zinazomwagiliwa.

---

Lenzi_ya_Kirumba

Naongezea upande wa kuangalia na kupiga picha, kwa sababu wengi hukosea hapa hapa.

Saa. Bora ni kati ya saa 2:30 na saa 4:30 asubuhi. Kabla ya hapo umande bado uko kwenye maua na nondo wamejikunyata. Baada ya hapo upepo wa ziwani unaanza kuingia, ua linayumba, na nondo wa sm 2 hawezi kunywa kwenye ua linalopigwa huku na huku; anashuka kwenye majani. Kipindi cha pili ni saa 10:30 jioni hadi jua kuzama. Bustani iliyokingwa na mawe makubwa ina bahati mara mbili: upepo umekatwa, na jiwe lililopata jua la asubuhi linapasha hewa ya pembeni yake mapema. Anzia hapo.

Mahali pa kusimama. Jua liwe usoni kwako au ubavuni, kamwe lisiwe mgongoni moja kwa moja. Kinachowafukuza wengi ni kivuli chako kuanguka juu ya ua kabla wewe hujafika. Ukikuta shada zuri la mrehani, usiwafuate nondo. Chuchumaa umbali wa kama mita moja na nusu, tulia dakika tano, waliokimbia watarudi wenyewe. Anayezungukazunguka bustani nzima anaishia kuona migongo inayokimbia.

Darubini. Ya kwako ya ndege huenda haioni kitu kilicho chini ya mita mbili tatu, jaribu uone. Kama haiwezi, igeuze: tazama kupitia lenzi kubwa, na lenzi ndogo ya kuwekea jicho iwe karibu kabisa na nondo, sentimita chache tu. Inakuwa kioo cha kukuzia. Kwa njia hiyo utaona hata mrija ukiingia kwenye ua moja moja la kivumbasi, unachomoka, unaingia la pili.

Simu. Lenzi ya kukuzia ya bei ndogo, ile inayobanwa kwenye simu, inafanya kazi ukiwa sm 2 hadi 4 kutoka kwa mdudu, hapo ndipo fokasi yake ilipo na haina pengine. Kwa hiyo:

1. Piga picha ya kwanza ukiwa mbali, bila lenzi, upate ushahidi kabla hajaondoka.
2. Bana lenzi, gusa skrini juu ya nondo, shikilia mpaka fokasi na mwanga vifungwe.
3. Usihangaike kutafuta fokasi tena. Sogeza mkono wote mbele taratibu huku umebonyeza picha mfululizo. Kati ya ishirini, mbili zitakuwa kali.
4. Egemeza mkono kwenye kijiti ulichochomeka ardhini. Mkono mtupu unatikisika kuliko ua.

Mwenye kamera: kwa anayetua, f/8 na shata 1/500 inatosha. Kwa *Macroglossum* anayeelea nenda 1/2000 au zaidi, na bado ncha za mbawa zitakuwa ukungu. Usihuzunike, ndivyo zilivyo.

Picha zinazohitajika ili mtu akupe jina: kutoka juu, kutoka ubavuni, na uso pamoja na vipapasio. Picha ya juu peke yake ndiyo inayozaa mabishano.

Jambo moja la kuangalia karibu. Ukimkuta nondo ametulia mno, mrija uko nje, mbawa moja imelala vibaya, na hashtuki hata ukigusa kikonyo, liinue ua kidogo utazame chini yake. Mara nyingi kuna buibui mpana wa rangi ya ua lenyewe, amemshika shingoni. Kwenye zinia za njano buibui naye ni wa njano. Hapo una kumbukumbu mbili kwa picha moja.

---

Bustani_Kisesa

Mkuu Lenzi kaeleza vizuri. Ila mimi huona njia nyepesi ni kumfunika na chupa, kumtia kwenye friji dakika kumi, anatulia, unampiga picha kwa nafasi.

---

Mbawa_na_Magamba

Hiyo ya friji siishauri kwa hawa wadogo. Hewa ya ziwani ina unyevu mwingi. Ukimtoa kwenye baridi, matone ya maji yanajitengeneza juu ya mbawa zake kama kwenye chupa ya soda ya baridi. Magamba yanashikana, rangi zinabadilika, na picha haifai kutambulishia. Tena akipata joto anaruka akiwa amelowa na anaishia kwenye midomo ya siafu.

Chupa peke yake inatosha. Tumia ya plastiki angavu, mdomo mpana, isiyo na mafuta wala harufu. Mfunike kutoka juu, telezesha karatasi chini ya ua au jani, iweke kivulini. Baada ya dakika chache anatua ukutani mwa chupa na unapata picha ya tumbo na miguu, ambayo huwezi kuipata kwenye ua. Weka rula ya karatasi nje ya chupa, kwenye upande aliotua. Mwachie pale pale ulipomtoa, ndani ya nusu saa. Usiiache chupa juani hata kidogo, ndani yake panageuka tanuri.

---

BibiShamba_Ilemela

Samahani wakuu, mnamsifia huyo wa mkanda mweupe kana kwamba ni mgeni wa heshima. Kwa mwenye tuta la mchicha huyo ni mgeni aliyeleta familia.

Jike hutaga upande wa chini wa jani, kandokando ya mishipa. Viwavi ni kijani kinachopenyeza mwanga, wana mistari miwili myeupe mgongoni. Mwanzo hukwangua jani upande mmoja na kuacha ngozi nyembamba kama karatasi. Wakikua wanalikunja kwa uzi wao na kula wakiwa ndani, mpaka jani linabaki chekecheke. Wakikaribia kuwa pupa wanageuka wekundu-waridi, wanashuka na kujifunga udongoni. Kwa joto letu mzunguko wote ni kama wiki tatu hadi nne.

Hesabu hiyo inaeleza kitu ambacho wakulima wengi hawakiunganishi. Mchicha wa kung'oa, unaoondoka wote wiki ya tatu au ya nne, hauumizwi sana, kwa sababu kizazi cha kwanza hakijamaliza kukua tayari chakula kimeondolewa. Mchicha wa kuchuma, unaokaa miezi kadhaa tuta moja, unalea kizazi juu ya kizazi. Ukiwa na wa kuchuma fanya hivi: kila siku mbili pita ukibinya majani yaliyokunjwa, usiache mchicha pori kwenye kingo, ukimaliza tuta, likatue sm 5 hadi 10 siku hiyo hiyo uwaachie kuku. Mashambulizi yakiwa makubwa, dawa ya bakteria *Bacillus thuringiensis* inafaa, lakini inyunyizwe jioni, maana jua linaiua, na viwavi wakiwa bado wadogo kabla hawajakunja jani. Wakishajifunga ndani haiwafikii.

Na msing'oe maua ati ndiyo yanaleta nondo. *Spoladea* huruka masafa marefu, atafika tu. Maua yale yale ndiyo yanalisha nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi. Kupulizia sumu kwenye maua yaliyochanua ni kuua askari na kuacha mwizi.

---

LucheleleKijani

Shikamoo Bibi Shamba, na asante wakuu wote. Kumbe mchicha wa kuchuma ndio nilionao, mita chache tu kutoka kwenye mrehani.

Mawili yamebaki. Je, ninaweza kufuga hao viwavi wa majani yaliyokunjwa nihakikishe ndio huyo wa mkanda? Na programu ya simu inanipa *Pyrausta aurata* kila nikiweka picha ya yule wa waridi. Nikubali?

---

BibiShamba_Ilemela

Marahaba. Kufuga ni rahisi, tena ndiyo njia ya uhakika kuliko picha kumi. Chukua kopo la lita moja, weka udongo sm 3 wenye unyevu wa kushikamana mkononi bila kutoa maji. Viwavi wasizidi watano. Mdomo funika kwa kipande cha chandarua kisicho na dawa, kwa mpira. Angalia hapo: vyandarua vingi vinavyogawiwa vimewekwa dawa, vitawaua kabla hujajua sababu. Kitambaa chepesi cha shela ni salama zaidi.

Jani jipya kila asubuhi, likiwa kavu. Jani lililolowa ndilo linaloleta ukungu, na ukungu unamaliza kopo zima kwa siku mbili. Ondoa kinyesi na mabaki. Wakizama udongoni acha kulisha, nyunyiza matone machache ya maji kila siku ya pili, chomeka kijiti ili nondo akitoka apate pa kupanda kunyoosha mbawa. Asipopata, mbawa zinakauka zikiwa zimejikunja na hatoruka kamwe.

Ukiona kiwavi amesimama kula na pembeni yake kuna kifuko kidogo cheupe cha uzi, au vingi pamoja, usitupe. Hao ni nyigu wadogo niliowataja. Subiri watoke, kawafungulie kwenye tuta.

---

Mbawa_na_Magamba

Usikubali. Programu inakisia kutokana na picha ilizofundishwa, na za Ulaya ni nyingi mno kuliko zetu. Kwenye iNaturalist (programu ya kurekodi na kutambua viumbe kwa picha) andika *Pyrausta* na uishie hapo, au rudi mpaka Crambidae kama picha si kali. Kabla ya kukubali jina lolote, liangalie kwenye AfroMoths, orodha ya mtandaoni ya nondo wa Afrika kusini mwa Sahara. Kama spishi haimo humo, karibu mara zote ni kosa.

Kumbukumbu yenye faida kwa mwingine inataka tarehe, saa, mahali, mmea wa ua kwa jina lake, nondo alikuwa anafanya nini (ananywa, ametua tu, anataga), jua au wingu, upepo. Kisha idadi. Waingereza wana utaratibu mzuri wa kuhesabu wadudu wa maua: mraba wa sm 50 kwa sm 50, dakika 10, unaandika kila mdudu anayetua kwenye maua ya aina uliyochagua ndani yake. Chukua vijiti vinne na kamba, unao mraba. Muhimu uhesabu pia maua yaliyomo, na siku usiyoona kitu andika sufuri. Watu hupenda kuruka sufuri, na bila sufuri huwezi kusema msimu umeanza lini.

Makosa mawili yanayoharibu data za huku kwetu. La kwanza ni saa: umeandika "3:30" ukimaanisha asubuhi ya saa tatu na nusu, mwingine anasoma usiku wa manane umepita. Andika 09:30. La pili ni latitudo. Mwanza iko kusini ya ikweta, takribani -2.5 na 32.9. Ukisahau hiyo alama ya kutoa, nondo wako wa Luchelele anaonekana kaskazini mwa Uganda.

---

Bustani_Kisesa

Na kwa anayetaka kuongeza maua, apande nini? Lantana inavuta wengi.

---

Lenzi_ya_Kirumba

Lantana usiongeze, inavamia mashamba na malisho. Iliyopo tayari itazame tu. Panda pentasi, ni ya Afrika Mashariki hii hii, inachanua muda mrefu na ina vimaua vyembamba vinavyofaa mirija mirefu. Kwa wadogo acha sehemu ya mrehani, kivumbasi na giligilani ichanue badala ya kuikata yote. Zinia chagua ya petali mstari mmoja; zile zilizojazana petali zimefunga njia ya mbochi. Tuta la mita 1 kwa 2 la aina moja linavuta kuliko aina kumi zilizotawanyika. Kishonanguo bakiza ukingoni, ung'oe vichwa vikianza kuwa vyeusi, la sivyo msimu ujao bustani yote ni yake.

Na ukienda Saanane na kamera, chupa iache nyumbani. Ile ni hifadhi ya taifa: picha ruksa, kukamata hapana.